Kulala kwenye nyumba za kale za Patan: chagua orofa kwanza, hoteli baadaye

Patan, mji ambao serikali ya Nepal huuita Lalitpur na Wanewari, wenyeji wake wa asili, huuita Yala, uko kusini ya mto Bagmati, ng'ambo tu ya Kathmandu. Uwanja wake wa kasri, Durbar Square, umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979 pamoja na maeneo mengine sita ya bonde la Kathmandu. Vichochoroni nyuma ya uwanja, nyumba za matofali zilizokuwa za wafanyabiashara, makuhani na mafundi wa shaba zimegeuzwa hoteli ndogo. Nyingi zina vyumba 4 hadi 10 tu.

Wageni huchagua hoteli kwa picha ya ua na dirisha la nakshi, kisha wanapangiwa chumba kisichofanana na picha hata chembe. Sababu ni kwamba nyumba ya Kinewari haifanani chini na juu. Kila orofa ilijengwa kwa kazi yake, na kazi hiyo ya zamani ndiyo bado inayoamua kama utalala usingizi au utaamka na shingo ngumu na nguo mbichi. Basi tuanze na nyumba.

Nyumba ilivyo, kutoka chini hadi paani

Nyumba kamili ina viwango vinne. Cha chini ni *chheli*. Hapo palikuwa pa duka, karakana, stoo, zamani hata mifugo, watu hawakulala. Sakafu imekaa juu ya ardhi moja kwa moja na kuta zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji, kwa hiyo unyevu hupanda ukutani kama mafuta kwenye utambi. Majira ya mvua, Juni hadi Septemba, chumba cha chini hunuka ukungu na taulo halikauki siku mbili. Mwenye pumu asikikubali miezi hiyo, hata kwa nusu bei. Mzee au mtu mwenye magoti mabovu anaweza kukichukua kuanzia Oktoba, mvua zikishaisha, maana ndicho pekee kisicho na ngazi. Aombe kwanza picha ya ukuta kwenye kimo cha kifundo cha mguu. Plasta ikiwa imevimba au imetoa unga mweupe kama chumvi, unyevu bado umo.

Juu yake ni *mata*, orofa ya vyumba vya kulala tangu asili. Madirisha yake ni ya kimia cha mbao, *tikijhya*: aliye ndani anaona njia, aliye njiani haoni ndani. Aliyezoea nyumba za Mji Mkongwe au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Chumba cha mata ni tulivu na hakichemki mwezi wa Mei, lakini ni cha giza, na dari iko chini: mita 1.8 hadi 2, na ukisimama chini ya boriti unapungukiwa zaidi. Kimia chenyewe hakina kioo. Hoteli nzuri huweka kioo au wavu wa mbu upande wa ndani. Isiyoweka, baridi na mbu hupita kama wamealikwa.

Orofa inayofuata, *chota*, ilikuwa sebule. Katikati mara nyingi hakuna ukuta bali safu ya nguzo za mbao, na upande wa mbele kuna *sanjhya*, dirisha kubwa lililotokeza nje ambalo familia iliketi kutazama mtaa. Hiki ndicho chumba cha kwenye picha. Mwanga ni mwingi, nafasi ni kubwa, na bei ni ya juu kuliko vyote. Kasoro yake ni moja: dirisha la kutazama mtaa husikia mtaa.

Paani ni *baiga*. Hapo palikuwa na jiko na chumba cha miungu, kwa sababu chakula cha familia na ibada havikutakiwa kufikiwa na mpita njia, na moshi ulipata pa kutokea. Leo ni chumba cha dari ya mteremko. Kina mandhari, siku ya anga safi hata vilele vya theluji upande wa kaskazini, lakini utasimama wima katikati tu. Vigae vidogo vya *jhingati* vimelazwa juu ya tabaka la udongo. Jua la Mei likiupiga udongo huo siku nzima, usiku unakurudishia joto lote. Januari ni kinyume chake. Mvua za kwanza za Juni ndizo hufichua vigae vilivyosogea, kwa hiyo doa la kahawia juu ya kitanda si urembo.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua: chota upande wa ua, si upande wa barabara. Ukikosa, mata upande wa ua. Baiga ni kwa mtu mfupi anayekuja Oktoba, Novemba au Machi.

Ya kale kweli, au sura tu?

Baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, la ukubwa wa 7.8, nyumba nyingi zilijengwa upya kwa nguzo za zege na kuvikwa matofali na madirisha ya nakshi kwa nje. Hilo si kosa. Nyumba ya namna hiyo huweza kuwa na dari ya mita 2.6, lifti na bafu kubwa, na mwenye watoto wadogo pengine ndiyo inayomfaa. Kosa ni kulipia bei ya nyumba ya kale na kupewa zege.

Vitambulisho ni vitatu. Tazama kina cha dirisha: ukuta wa kale una unene wa sentimeta 45 au zaidi, hivyo dirisha lina kingo pana ya kuwekea vitabu, ukuta wa zege na tofali moja ni mwembamba. Tazama dari: boriti za kweli hukaribiana, zina ukubwa usiolingana na zimeegemea ukutani, za mapambo zote ni pacha na zimegandishwa chini ya dari bapa. Mwisho sikiliza sakafu. Ubao wenye udongo juu yake hutoa sauti nzito na hutikisika kidogo mtu mwingine akipita. Zege halisemi kitu.

Nyumba ya kale ikishathibitika, swali la lazima ni usalama. Ukuta wa matofali na udongo ni mzito na hauna mshikamano, ndiyo maana kuta za namna hiyo zilifunguka kama kurasa mwaka 2015. Ukarabati mzuri huzifunga: mikanda ya mbao au chuma kuzunguka nyumba kila orofa, na boriti zilizopigiliwa kabari za mbao upande wa nje wa ukuta ili zisichomoke. Uliza wazi: nyumba iliimarishwa vipi baada ya 2015, na je, kuna njia ya pili ya kutoka? Mwenye nyumba aliyefanya kazi hiyo hujibu kwa fahari na picha. Anayejibu kwamba nyumba imekaa miaka mia bila shida hajajibu.

Ujumbe wa kutuma kabla ya kulipa

Hoteli hizi ni ndogo na ujumbe husomwa na mwenye nyumba au msimamizi mwenyewe, kwa hiyo usione haya kuuliza mengi kwa mara moja. Uliza:

- Chumba hiki kiko kiwango cha ngapi kutoka chini, na dirisha linatazama ua au njia?
- Chini ya boriti ya chini kabisa kuna sentimeta ngapi? (Mwenye kimo cha sentimeta 175 na zaidi asisahau hili.)
- Bafu limo chumbani, au unatoka na kushuka ngazi?
- Maji ya moto ni ya jua, ya gesi au ya umeme, na saa za asubuhi yapo?
- Kati ya Desemba na Februari: kuna kipasha joto gani, na kinalipiwa kando?
- Gari linafika wapi, na kutoka hapo ni mita ngapi kwa miguu?
- Lango la ua hufungwa saa ngapi usiku?
- Bei ni pamoja na kodi, au kodi inaongezwa?

Hilo la mwisho lina fedha ndani yake. Kodi ya ongezeko la thamani Nepal ni asilimia 13. Nyumba inayotoza pia asilimia 10 ya huduma huitoza kwanza, kisha kodi inapigwa juu ya jumla, kwa hiyo chumba cha dola 100 kinaishia dola 124.30. Bei za vyumba kwa takriban huanzia dola 40 kwa chumba kidogo cha kawaida na kuvuka 150 kwa sebule yenye sanjhya msimu wa Oktoba na Novemba. Julai na Agosti kuna nafasi ya kupatana, hasa ukikaa usiku tatu na zaidi.

Usiweke usiku mmoja. Usiku wa kwanza huishia kwenye kujifunza ngazi.

Kufika

Kutoka Afrika Mashariki njia ya kawaida ni kupitia Doha, Dubai au Sharjah. Viza ya watalii hutolewa uwanja wa ndege wa Tribhuvan: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Jaza fomu ya mtandaoni ndani ya siku 15 kabla ya kuwasili na ubebe noti safi za dola, maana mashine za kadi pale zina tabia ya kugoma. Raia wa baadhi ya nchi za Afrika, Somalia na Ethiopia zikiwemo, hawapewi viza mlangoni na ni lazima wapitie ubalozini kabla ya safari. Hakikisha orodha ya Idara ya Uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Beba pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, inayodaiwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Saa ya Nepal iko mbele ya ile ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na dakika 45. Ikiwa Dar es Salaam ni saa sita mchana, Patan ni saa tisa kasorobo. Zile dakika 45 ndizo zinazowapotezea watu miadi ya kuchukuliwa uwanjani.

Teksi kutoka uwanja wa ndege hadi Patan ni mwendo mfupi, dakika 20 njia ikiwa tupu na 40 au zaidi jioni. Chukua ya kaunta ya malipo ya mapema, au ita kwa programu ya Pathao au inDrive ukishapata laini ya simu. Usimtajie dereva jina la hoteli peke yake, halifahamu. Mtajie alama: Patan Dhoka, lile lango la zamani la mji, au Mangal Bazar iliyo ubavuni mwa Durbar Square, au Swotha upande wa kaskazini wa uwanja. Kutoka hapo piga simu hoteli waje wakuchukue. Mlango wa hoteli nyingi hauko barabarani. Unapita chini ya nyumba ya watu wengine, kwenye kipenyo cheusi cha kimo cha mita moja na nusu, na kutokea uani. Ramani ya simu itakuambia umefika ukiwa umesimama upande usiofaa wa ukuta.

Mlango, ngazi na mzigo

Milango ya kale ina kimo cha mita 1.4 hadi 1.6. Kuinama kila mtu anajua. Wanaoumia ni wale wanaoinuka mapema. Ukuta ni mnene, na mara nyingi boriti ya kwanza ya chumba iko hatua moja tu baada ya mlango. Kwa hiyo inama, vuka kizingiti bila kukikanyaga, piga hatua mbili ukiwa bado umeinama, ndipo usimame. Usiku ukiamka kwenda msalani, washa taa kabla ya kunyanyua kichwa kitandani, hasa kwenye baiga.

Ngazi ni mwinuko mkali, karibu sawa na ile ya kupandia darini, na juu huingilia kwenye tundu la sakafu. Upana wake ni mdogo kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Panda kawaida, shuka kinyumenyume ukitazama ngazi, mkono mmoja kwenye kamba au mhimili. Kushuka umetazama mbele na soksi miguuni ndiko kunakovunja watu mfupa wa mkia. Viatu huachwa chini, basi njoo na malapa yenye mpira wa kushika.

Mzigo: begi laini lisilozidi kilo 15. Sanduku gumu la magurudumu halipindi kwenye tundu la ngazi, na magurudumu yake hayana kazi juu ya matofali ya kichochoro. Ukija na kubwa, toa vya siku tatu na uache lingine stoo ya chini, ndani ya mfuko wa nailoni kama ni msimu wa mvua.

Dakika kumi za kwanza chumbani zitumie kukagua kabla hujafungua begi, kwa sababu kuhama chumba ni rahisi wakati huo tu. Nusa nyuma ya godoro upande wa ukutani. Fungua na kufunga dirisha. Acha bomba la moto wazi dakika tano. Chomeka chaja uone kama soketi inashika. Kisha tembea njia ya kutokea, na ile ya pili.

Maji, umeme na baridi

Mabafu hayakuwapo kwenye nyumba hizi. Yameingizwa baadaye, mara nyingi kama kisanduku cha zege kilichobanwa pembeni, na mengi hayana beseni la kuogea: maji yanamwagika sakafuni na kwenda kwenye tundu. Ukioga muda mrefu yanavuka kizingiti, na chini yake kuna ubao na udongo wa dari ya mgeni mwingine. Wahudumu wakikusihi usifurishe bafu hawabani maji, wanaokoa nyumba. Ingawa hata maji yenyewe hununuliwa kwa lori mara nyingi, kwa sababu bomba la mji halitoshi.

Tangi la jua hukaa paani. Maji yake ni ya moto kweli kuanzia alasiri hadi saa mbili au tatu usiku, na asubuhi yamekuwa vuguvugu. Oga jioni. Kama chumba chako kiko chini, bomba ni refu, basi subiri dakika tatu kabla ya kulalamika. Maji ya bomba usinywe wala usipigie mswaki. Hoteli nyingi zina mtungi wa maji yaliyochujwa wa kujazia chupa.

Umeme ni volti 230, lakini soketi si zile za pini tatu bapa tulizozoea Kenya, Tanzania na Uganda. Nepal hutumia pini za mviringo, mbili au tatu. Beba adapta. Umeme ukikatika, betri ya nyumba huwasha taa na intaneti tu. Usiunganishe birika, pasi au kipasha joto wakati huo, utazima orofa nzima.

Sasa baridi, ambayo wasafiri wa pwani huidharau. Desemba na Januari usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 2 au 3, na nyumba haina mfumo wa kupasha joto. Kuta nene zikishapoa hukaa baridi hadi mchana. Omba blanketi la pili na mfuko wa mpira wa maji ya moto mapema jioni, funga mapazia ya madirisha ya kimia saa kumi na moja, kabla joto la mchana halijatoroka. Kipasha joto cha gesi kiwashwe ukiwa macho na dirisha limefunguliwa kidogo, kizimwe kabla ya kulala. Ukiletewa chungu cha makaa, kitumie uani. Anayejua jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linafanya nini hahitaji kuambiwa mara mbili.

Kelele, na kwa nini usizilalamikie

Patan haulali muda mrefu. Saa kumi na moja alfajiri kengele za mahekalu huanza, hasa karibu na Kwa Bahal, Hekalu la Dhahabu. Baadaye njiwa, pikipiki za kichochoroni, na katika mitaa ya mafundi kama Oku Bahal nyundo juu ya shaba, kazi ileile ya sanamu iliyoupa mji sifa. Jioni fulani wazee hukusanyika kwenye *phalcha*, baraza za umma zenye paa, na kuimba nyimbo za ibada kwa ngoma na matoazi. Mbwa hushika zamu kuanzia saa tano usiku.

Ua ambao hoteli imeutazama, *bahal*, mara nyingi ni ua wa monasteri ya Kibuddha inayotumika mpaka leo, na majirani walikuwepo kabla ya hoteli. Vizibo vya masikio vinamaliza theluthi mbili ya tatizo. Theluthi iliyobaki ni ya sakafu ya mbao: omba chumba kisicho na mgeni juu yake.

Adabu za ua na nyumba

Zunguka hekalu au stupa (mnara wa ibada wa Kibuddha) ndogo ya uani ukiiweka mkono wako wa kulia. Usiketi juu yake wala kuanika nguo hapo, hata kama watoto wa mtaa wameketi. Oktoba na Novemba nafaka huanikwa uani kwenye mikeka. Ruka pembeni, usikanyage. Mlango mdogo uliofungwa ndani ya nyumba ya kale huweza kuwa wa chumba cha miungu cha ukoo, ambacho asiyeingizwa kwenye ibada haruhusiwi hata akiwa jirani. Usichungulie na usiombe picha.

Kwa Bahal viatu huvuliwa, na vitu vya ngozi, mkanda pamoja, haviingii sehemu ya ndani. Kuhani mkuu pale ni mtoto wa kiume wa chini ya miaka 12 anayetumikia siku 30, asiguswe.

Chakula kilichogusa mdomo wako ni najisi kwa mwenzako. Usimwonjeshe mtu kwa kijiko chako, na unapokunywa kwenye chombo cha wote mimina bila kukigusisha midomoni. Kutoa na kupokea ni kwa mkono wa kulia, kama kwetu. Jiko la familia usiliingie bila kualikwa.

Kula

Kifungua kinywa cha hoteli ni mayai, mkate na chai, si cha kukuamsha mapema. Chakula cha mji kiko nje: *wo*, chapati nene za dengu zilizosagwa, huuzwa zikitoka jikoni kwenye vijiduka vya nyuma ya hekalu la Krishna, *chatamari* ni kama mkate wa kumimina, wa unga wa mchele, mwembamba, wenye yai au nyama juu, *baji* ni mchele uliopondwa ukawa bapa na mkavu, huliwa na kila kitu. Nyama ya kawaida ya Wanewari ni nyati, na *choila* ni nyati aliyebanikwa kwa pilipili na mafuta ya haradali. Mwislamu asidhani kwamba nyama ni halali kwa kuwa si nguruwe. Wo na chatamari ya yai vitamtosha, na kwa nyama halali avuke hadi Kathmandu karibu na Ghantaghar, ulipo msikiti wa Jame na ule wa Kashmiri.

Kwenye sherehe utapewa *aila*, pombe kali ya nyumbani, ikimiminwa kutoka juu bila kumwaga tone. Asiyekunywa aweke mkono wa kulia kifuani na kutabasamu. Hakuna atakayenuna.

Fedha na tiketi ya uwanja

Mgeni wa nje ya Asia Kusini hulipa rupia 1,000 kuingia Durbar Square, pamoja na jumba la makumbusho. Ukiwa unalala mjini, nenda kaunta na pasipoti siku ya kwanza uombe waiandikie tiketi siku zote utakazokaa, la sivyo kila ukikatiza uwanja kwenda dukani utasimamishwa. Makumbusho ya Patan, ndani ya kasri lililokarabatiwa kwa msaada wa Austria na kufunguliwa 1997, yaende asubuhi ya kwanza: ukitoka humo utatambua kila dirisha la nyumba unayolala. Hekalu la mawe la Krishna, la 1637, liko mbele yake.

Kadi hukubaliwa kwenye hoteli nyingi lakini huongezewa asilimia kadhaa. Lipa rupia taslimu. Pochi za simu za nyumbani hazina kazi huku, na zile alama za kuskani ukutani ni za benki za wenyeji. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko, basi badilisha fedha Ijumaa.

Hospitali ya Patan iko Lagankhel, kusini ya uwanja. Polisi wa watalii ni 1144, gari la wagonjwa 102.

Sikukuu zinazobadilisha hesabu

Kati ya Aprili na Juni gari la mbao la Rato Machhindranath, mungu wa mvua, refu kuliko nyumba nyingi za njiani, huvutwa kwa kamba kutoka Pulchowk kupitia mji. Siku linapopita karibu na mtaa wako umeme huzimwa kwenye njia yake, teksi haifiki, na dirisha la sanjhya lililolaaniwa kwa kelele linakuwa kiti bora mjini. Kila baada ya miaka 12 safari huanzia na kuishia kijiji cha Bungamati. Mara ya mwisho ilikuwa 2015, na tetemeko likaikatiza njiani. Inayofuata ni 2027. Anayeitaka aandikie hoteli mwaka mzima kabla, na tarehe azithibitishe karibu na wakati, kwa kuwa hufuata mwezi na wanajimu. Oktoba au Novemba kuna pia ngoma za mwezi wa Kartik usiku uwanjani, na kwa hizo chumba cha Swotha kinafaa kuliko cha Patan Dhoka.

Bhaktapur, kilomita 13 mashariki ya Kathmandu, ina nyumba za aina hiyohiyo, magari machache zaidi na usiku ulio kimya. Kiingilio chake ni kikubwa kuliko cha Patan, na jioni ukichelewa Kathmandu teksi ya kurudi ni ghali. Maswali ya kuuliza ni yaleyale, kuanzia la orofa.